Picha ya jicho langu imetoka nyeusi: je, ni ugonjwa?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 43, naishi Tanga. Nina kisukari, na hivi karibuni nilipelekwa kliniki moja ya Dar es Salaam kupigwa picha za nyuma ya jicho. Majibu yanasema macho yangu hayajaguswa na kisukari, nashukuru Mungu. Lakini nilipewa na picha zenyewe, na hizo ndizo zinazonikosesha usingizi. Ile ya rangi imetoka kahawia iliyokoza, karibu na nyeusi, wakati bango la pale ukutani lilikuwa na jicho zuri la rangi ya chungwa. Halafu ziko mbili za kijivu. Kwenye moja, katikati pana doa jeusi. Kwenye nyingine, mahali palepale pamekuwa peupe. Nilipomuuliza kijana aliyepiga picha alinijibu, "Una pigmenti nyingi tu, mama," akaita mgonjwa mwingine. Hiyo pigmenti ni nini, na je, inapungua? Pia duka la dawa wananishauri ninunue vidonge vya luteini. Ninunue?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nianze na usingizi wako: kwa maelezo uliyotoa, picha zote tatu ni za jicho lenye afya. Hilo doa la katikati kuwa jeusi kwenye picha moja na jeupe kwenye nyingine ndivyo linavyotakiwa kuwa. Kama pangekuwa peupe kwenye zote mbili, hapo ningekuomba urudi kliniki.

Kijana wa picha hakukudanganya, ila alizungumza kana kwamba pigmenti, yaani kitu kinachotia rangi, ni moja. Nyuma ya jicho kuna kadhaa, kila moja ina tabaka lake, na kila moja inaufanyia mwanga jambo tofauti. Kwa hiyo ukishika picha ya jicho, swali la kwanza ni hili: imepigwa kwa mwanga gani? Ukibadilisha mwanga, unapata habari za pigmenti nyingine, na mahali palipokuwa peusi panaweza kung'aa bila jicho lenyewe kubadilika hata kidogo.

Tuichukue kwanza ile ya rangi. Mwanga ukishapita kwenye mboni unakutana na retina, utando wenye seli zinazopokea mwanga, ambayo ukitoa mishipa yake ya damu karibu haina rangi, ni angavu. Nyuma yake kuna tabaka jembamba la seli, unene wa seli moja tu, lililojaa chembe za melanini, ileile melanini inayotia ngozi weusi. Nitaliita tabaka la rangi. Nyuma yake tena kuna koroidi, utando wa mishipa ya damu iliyosongamana, nao una seli zake za melanini. Mwisho kabisa ni ukuta mweupe wa jicho, huohuo unaouona kwa mbele ukijitazama kwenye kioo.

Kamera ya kawaida inapiga flashi nyeupe. Sehemu ya bluu na ya kijani ya mwanga huo hufyonzwa sana na damu na melanini. Nyekundu ndiyo inayopenya mbali, inagonga ule ukuta mweupe na kurudi. Kiasi cha nyekundu kinachofanikiwa kurudi ndicho kinachoamua rangi ya picha. Mtu mwenye melanini kidogo kwenye koroidi anarudisha nyekundu nyingi, picha inatoka ya chungwa, na mara nyingine mishipa ya koroidi inaonekana mmoja mmoja. Kwako wewe, na kwangu mimi, koroidi ni pazia zito: nyekundu nyingi inaishia humo, na kinachorudi ni kahawia. Ndiyo maana pia kwenye picha za flashi za usiku, yale macho mekundu ya ajabu huwapata zaidi watu weupe kuliko sisi.

Hapa kuna jambo ambalo hata wanafunzi wangu huwa linawashangaza. Mwaka 1986 Weiter, Delori na wenzao walichapisha vipimo vya macho yaliyotolewa na watu baada ya kufariki, wakilinganisha weusi na weupe. Koroidi zilitofautiana sana kwa melanini. Lakini tabaka la rangi lilikuwa na melanini karibu sawa kwa wote. Mzungu wa macho ya bluu na mtu mweusi ti wana tabaka la rangi linalofanana. Kinachowatenganisha kipo nyuma yake. Sababu inatoka tumboni mwa mama. Tabaka la rangi linatokana na chipukizi lilelile linalotengeneza ubongo, na linapata weusi wake katika wiki za mwanzo za mimba, kabla hata ngozi haijawa na rangi yoyote. Seli za koroidi ni wahamiaji, zina asili moja na zile za ngozi, kwa hiyo zinafuata ngozi.

Na lile bango? Mabango mengi na vitabu vingi vya macho tunavyotumia vimechapishwa Ulaya na Marekani, ambako wagonjwa wengi ni weupe, kisha yanabandikwa Tanga na Kigoma kama mfano wa jicho lenye afya. Mimi ningeyabandua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulijaribu kulitatua hili kwa namba. Kompyuta ilifundishwa kutazama picha ya rangi na kuipa alama moja inayosema jicho limekoza kiasi gani. Alama hiyo ilithibitishwa kwa hazina mbili kubwa za picha za Uingereza, UK Biobank na EPIC-Norfolk, kisha ikajaribiwa kwa picha za Tanzania, Australia na China. Alama zilifuatana na makabila na rangi za watu, kama mtu angetarajia, lakini makundi yaliingiliana sana: wapo watu weupe wenye jicho lililokoza kuliko la baadhi ya weusi. Watafiti walipochunguza jeni, maeneo 20 yaliyojitokeza yalikuwa yaleyale yanayojulikana kwa rangi ya ngozi, nywele na macho. Kwa maneno mengine, jicho lako liko mahali fulani kwenye mstari mrefu, na kukoza kwenyewe si ugonjwa.

Sasa zile za kijivu, ambazo kwangu ndizo tamu zaidi.

Ile yenye doa jeusi katikati, karibu bila shaka, imepigwa kwa leza ya bluu, nanometa 488 kwa mashine nyingi (nanometa ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Kamera haipokei bluu inayorudi. Kuna kichujio kinachoizuia. Inasubiri mwanga mwingine hafifu, wa kijani kuelekea nyekundu, ambao jicho lenyewe linautoa baada ya kuchokozwa na bluu. Anayeutoa ni lipofusini. Kila siku zile seli zinazopokea mwanga hukatika ncha zake, na tabaka la rangi huzila na kuzisaga. Fikiria kazi hiyo ikifanyika tangu unazaliwa. Kuna mabaki yasiyosagika, nayo hujikusanya ndani ya seli mwaka hadi mwaka. Hayo ndiyo lipofusini. Picha hii, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa kwa leza mwaka 1995 katika hospitali ya Moorfields ya London, kwa kweli ni picha ya taka. Lakini ni taka zenye habari nyingi: seli inayong'aa kwa wastani ipo hai na inafanya kazi, na mahali palipokufa seli panakuwa peusi kabisa kwa sababu hakuna cha kung'aa.

Basi kwa nini katikati ya jicho lako ni peusi na seli zako ni nzima? Kwa sababu mbele ya tabaka la rangi, ndani ya retina yenyewe, pale katikati tunapotumia kusomea na kutambua sura, kuna pigmenti nyingine kabisa: ya njano. Imetengenezwa na luteini na zeazanthini, vitu vya jamii moja na rangi ya karoti. Njano hufyonza bluu, na hii hufyonza zaidi kwenye nanometa 460 hivi. Leza ya bluu inapofika katikati inapunguzwa kabla ya kuigusa lipofusini, na kinachong'aa ni kidogo. Doa lako jeusi ni kivuli cha rangi ya njano. Linafifia kadiri unavyotoka katikati, bila mpaka mkali, maana pigmenti hiyo imerundikana sana kwenye kitovu na ukifika pembeni karibu haipo.

Ujanja huo ndio unaotumika kuipima. Unapiga picha mbili za mng'ao, moja kwa bluu na nyingine kwa kijani, ambayo njano inaiacha ipite. Tofauti ya giza la katikati baina ya picha hizo mbili inakupa ramani ya pigmenti ya njano, nukta kwa nukta. Ramani hizo hazifanani kati ya mtu na mtu. Wengine wana kilele kimoja chembamba, wengine wana kilele na pete inayokizunguka, na wote wanaona vizuri tu.

Unaweza hata kuiona pigmenti yako mwenyewe bila kulipa senti. Fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye kompyuta ya skrini ya LCD, kodolea mahali pamoja, kisha inamisha kichwa polepole kushoto na kulia. Wengi huona kitu hafifu cha njano chenye umbo kama kipepeo, kidogo tu, kinachojitokeza unapoinamisha kichwa na kupotea ukitulia sekunde chache. Aliyelieleza jambo hili kwanza ni Haidinger, mtaalamu wa madini wa Austria, mwaka 1844. Usipokiona usianze kukosa usingizi upya. Kuna madaktari wa macho ambao hawajawahi kukiona.

Picha ya pili ya kijivu, iliyokuwa nyeupe katikati, imepigwa kwa mwanga wa infraredi, ambao macho karibu hayauoni, wa nanometa 787 hivi. Mwanga huo hauijui njano. Unapita kana kwamba haipo. Anayeng'aa hapa ni melanini. Hilo lilielezwa na Keilhauer na Delori mwaka 2006, na liliwashangaza wengi, kwa kuwa tulizoea kuifikiria melanini kama kitu cha kufyonza tu. Sehemu ya katikati ya jicho ina seli ndefu zaidi, zilizobanana zaidi na zenye melanini nyingi kuliko za pembeni, na koroidi ya nyuma yake nayo imekoza. Ndiyo sababu panatoka peupe. Umeshika mkononi ramani mbili za mahali pamoja: moja inasema njano imejaa, nyingine inasema melanini imejaa. Ukiniuliza, hizo picha mbili zikiwa hivyo pamoja ni habari njema kuliko sentensi yoyote waliyokuandikia.

Watafiti wana njia nyingine za kuitafuta melanini, na moja inastahili kutajwa kwa uzuri wake. Ukipeleka ndani ya jicho mwanga ambao mawimbi yake yote yanatikisika upande mmoja, tabaka nyingi zinaurudisha bado ukiwa na mpangilio. Chembe za melanini zinauvuruga. Kwa hiyo mashine za OCT (zinazopiga picha za tabaka za retina kwa mwanga) zilizotengenezwa maalumu, hasa na vikundi vya Vienna na vya Tsukuba huko Japani, zinalichora tabaka la rangi kwa kutafuta tu mahali mpangilio ulipovurugika, hata pale ambapo picha ya kawaida ya OCT inaonyesha mistari inayochanganya. Mashine hizo bado ni za maabara zaidi kuliko za kliniki.

Pigmenti ya mwisho sikuitaja mwanzoni kwa makusudi, maana huwezi kuiona kwenye picha zako. Ni ile inayotuwezesha kuona, iliyomo ndani ya seli zinazopokea mwanga. Kwenye koni, yaani seli za kuonea rangi, iko ya aina tatu. Mwaka 1999 Austin Roorda na David Williams, Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walifanikiwa kuzipiga picha koni moja moja ndani ya watu walio hai na kuzitenga kwa aina. Walitumia kioo kinachobadilisha umbo lake kusahihisha dosari za jicho, mbinu waliyoazima kwa wanaanga. Walipiga picha jicho likiwa limekaa gizani, kisha wakaliangazia kwa rangi fulani hadi pigmenti inayoipokea rangi hiyo ipauke, wakapiga tena. Koni iliyobadilika ilijitaja yenyewe. Walikuwa na watu wawili, wote wanaona rangi vizuri. Mmoja alikuwa na koni za nyekundu na za kijani karibu sawa, 1.15 kwa 1. Mwingine alikuwa na 3.79 kwa 1. Kanga moja ikining'inizwa mbele yao wangeitaja rangi zake vilevile, na picha za ndani ya macho yao hazifanani hata kidogo.

Umeuliza kama pigmenti inapungua. Melanini ya tabaka la rangi hupungua taratibu kwa miongo, na lipofusini huongezeka, hadi uzeeni kabisa ambapo nayo huanza kushuka. Hakuna dawa ya kulibadilisha hilo wala haihitajiki. Koroidi yako haihitaji kupauka.

Lipo jambo moja, hata hivyo, ambalo jicho lililokoza linamdai fundi, na kwa kuwa una kisukari lakuhusu. Vidoa vya damu vya kisukari ni vyekundu. Juu ya rangi ya chungwa vinaonekana kirahisi; juu ya kahawia iliyokoza vinaweza kujificha. Dawa yake ni kuitazama picha kwa mwanga wa kijani peke yake, kwani damu hufyonza kijani na vidoa hutokea vyeusi waziwazi. Mashine nyingi zinafanya hivyo kwa kubonyeza kitufe tu. Mwulize msomaji wa picha zako kama huwa anakibonyeza. Ni swali la heshima na halimvunjii mtu hadhi. Vilevile, jicho jeusi linarudisha mwanga kidogo, kwa hiyo mboni ikiwa ndogo picha inakuwa giza tupu na haisomeki. Kubali kutiwa matone ya kupanua mboni, na kubali kungoja. Sehemu ya rangi inayoizunguka mboni nayo ina melanini, na melanini huikamata dawa hiyo, hivyo mboni zetu huchelewa kufunguka. Usiende na pikipiki siku hiyo.

Weusi unaonisimamisha mimi si wa jicho zima. Ni kipande chenye mpaka, kilichopo jicho moja na hakipo jingine, kilichoinuka kwenye OCT, au ambacho hakikuwepo kwenye picha ya mwaka uliopita. Hata hivyo vingi vya hivyo huwa ni kama baka la kuzaliwa na havina madhara. Lakini hivyo hupimwa na kufuatiliwa. Na kama mistari iliyonyooka imeanza kuonekana imepinda, au kuna giza katikati ya unachokitazama, au vimulimuli vya ghafla, hapo usingoje picha wala gazeti. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Tumalizie luteini. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2013, AREDS2, ulitumia miligramu 10 za luteini na 2 za zeazanthini pamoja na vitamini nyingine, kwa watu ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa uzeeni wa makula, yaani ile sehemu ya katikati ya retina, uliofika hatua fulani. Wewe huna ugonjwa huo, na vidonge hivyo havikuwekwa kwa ajili ya kuzuia kisukari kisiguse macho. Mwili hauwezi kutengeneza luteini, ni kweli, lazima uile. Lakini imejaa kwenye mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga, na kwenye kiini cha yai. Zeazanthini ipo kwenye mahindi ya njano. Inahitaji mafuta ili ifyonzwe, na kwa watu wa Tanga sidhani kama kuna haja ya kufundishana habari za tui la nazi, ila kwa kisukari chako lisiwe jingi. Fedha ya vidonge nunulia vipande vya kupimia sukari. Picha hizi usizitupe: zipige kwa simu, nazo uzihifadhi, na ukirudi mwakani mwombe fundi atumie mashine ya aina ileile na mwanga uleule, azilinganishe moja kwa moja na hizi badala ya kuzilinganisha na bango la ukutani.